Herufi Zilizovaa Buti

Tulikuwa wanawake tisa, na mdogo wetu alikuwa na wajukuu wanne. Kila Jumamosi alasiri tulicheza dansi kwenye uwanja wa maghorofa yetu hapa Bukoto, Kampala, pale katikati ambapo watu huegesha magari. Wanne safu ya mbele, wanne safu ya nyuma, na mimi mbele yao nikitoa amri.

Dansi yenyewe sikuileta mimi. Aliileta jirani yangu wa ghorofa ya pili, Mkenya, muuza viatu vya mitumba, ambaye anapenda nyimbo za makauboi kuliko chakula. Kwao, anasema, harusi haiishi kabla watu hawajavaa kofia pana na kujipanga mstari. Hatua mbili kulia, mbili kushoto, kisigino, ncha ya kiatu, geuka, piga kofi. Siku ya kwanza niliwaona kutoka barazani kwangu, yeye na wenzake watatu na kaspika kao kadogo, na mstari wao umepinda kama mkia wa mbwa. Nilivumilia nyimbo mbili. Marehemu mume wangu alikuwa polisi, nimeishi kambini miaka mingi, na kila asubuhi nilikoroga uji huku natazama gwaride. Mstari uliopinda unaniwasha mwili. Nikashuka na ndala zangu.

"Mama Afande, tunakupigia kelele?" jirani akauliza. Wote hapa huniita hivyo kwa sababu ya kazi ya mume wangu.

"Kelele hazinisumbui. Huyo wa mwisho arudi nyuma nusu hatua."

Akarudi. Nikasema "mguu sawa", wakakaa mguu sawa, na tangu hapo hakuna aliyeinua unyayo bila mimi kusema. Wengine wakatokea milangoni mmoja mmoja. Wajane wawili wa polisi kutoka kaskazini kama mimi, na Mkongo anayeshona nguo. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kila mmoja na chake, mwingine ana herufi za kuongeza, mwingine anazimeza.

Wa mwisho kuja alikuwa mama wa chumba cha chini, karibu na tangi la maji. Alifiwa na mumewe na tangu siku ya mazishi alikuwa hatoki, mboga alipitishiwa dirishani. Jumamosi moja alifungua mlango akasimama pale amejikunja, anatazama miguu yetu. Jumamosi iliyofuata alikuwa amevaa viatu. Nilimwonyesha tu nafasi kwenye safu ya nyuma, naye akaingia. Tangu hapo hata akiwa na mafua alikuja.

Shida ilikuwa magari. Kila Jumamosi yalibidi yakae nje barabarani mpaka saa kumi na mbili, na siku moja pikipiki ikaondoka na kioo cha pembeni cha gari la mwenyekiti wa wapangaji. Mwenyekiti ni mzee mstaafu, mpole, mwenye miwani mizito. Gari lake analifuta kila siku kwa kitambaa laini, akimaliza anakifua kitambaa. Aliitisha mkutano. Hakugomba. Alisema sherehe ya wakazi ya mwisho wa mwaka inakuja, watu wote watakula pamoja uwanjani.

"Mtacheza hapo mbele yetu," akasema. "Halafu watu wainue mikono. Mikono ikizidi nusu, Jumamosi ni zenu. Ikipungua, uwanja ni wa magari, na nyinyi mama zangu mtafute pengine."

Pengine hapakuwepo. Kwenye ukumbi wa kanisa walishatuambia tunajitikisa sana kwa umri wetu. Niliporudi ndani nilikaa kitandani na sikufikiria magoti yangu wala dansi. Nilifikiria mlango wa yule mama wa chini, jinsi ulivyokuwa umefungwa.

Basi nikaamua tuvae sare. Kikosi bila sare ni watu wanaosubiri basi. Jirani yangu Mkenya akasema fulana nyeupe zenye jina letu kifuani, MABIBI WA BUKOTO, na hilo sikupinga. Nilisema tu kwamba maandishi nitayachagua mimi.

Nikapanda bodaboda mpaka Wandegeya, kwenye yale maduka ya kuchapa karibu na chuo kikuu, ambako wanafunzi hukimbilia na vitabu vyao vya kumalizia masomo. Mwenye duka nililoingia alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, anatafuna bazoka, anatazama kompyuta huku anazungumza na watu wanne.

"Jjajja, karibu," akasema, yaani bibi kwa Kiganda. "Unataka fonti gani?"

"Nataka maandishi."

"Ndiyo, jjajja, fonti ni sura ya maandishi. Njoo uone."

Akageuza kompyuta. Alinionyesha maandishi membamba kama sindano, yanayopendwa na mabenki, akasema ndiyo ya kisasa. Nikamwambia haya yakipigwa na upepo yataanguka. Akanionyesha yaliyolala ubavu, ya kadi za harusi. Nikamwambia hayo yamelewa. Wanafunzi kwenye foleni wakaanza kucheka, mmoja akasema mwacheni jjajja achague, sisi hatuna haraka, na kwa wanafunzi hilo ni jambo kubwa.

Ndipo yakapita yenyewe. Nilimshika mkono mwenye duka akaacha kuzungusha. Yalikuwa herufi nene, nyeusi, kila moja imesimama kwa miguu miwili mipana kama imevaa buti. Katikati ya kila mguu kuna kipembe kimechomoza, kama kile kichuma ambacho makauboi hufunga kisiginoni kumhimiza farasi. Kingo zimechongwa, tumbo la B limejaa, na herufi zote zimesimama mabega nyuma, kifua mbele.

Herufi hizo nilizijua. Nilikuwa msichana mdogo kijijini, na gari la sinema lilikuja, wakatundika shuka jeupe ukutani mwa ghala. Kabla ya picha kuanza yakatokea maandishi makubwa yanayojaza shuka zima, yana buti, yana vipembe, halafu nyuma yake farasi wakapita kwa vumbi. Sikuwa najua kusoma. Niliacha shule darasa la tatu, na miaka hiyo mitatu yenyewe nilikuwa nahesabu kuni zaidi ya herufi. Lakini usiku huo nilizitazama zile za kwenye shuka nikafikiri, kumbe herufi zinaweza kusimama namna hii. Kesho yake nilizichora chini kwa kijiti, kwa buti zake, bila kujua nimeandika nini. Huenda niliandika tusi. Na nilipokuja kujifunza kusoma nikiwa mke wa mtu, kwenye magunia ya posho na mabango ya kambi, herufi zenye miguu ndizo nilizozishika kwanza. Hizi nyembamba mpaka leo zinanitoroka.

"Hizo," nikasema.

"Jjajja, hizo ni za mabaa na mapikipiki."

"Hizo."

"Fulana za akina jjajja, na maandishi ya wezi wa farasi."

"Binti, unachapa au unahubiri?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, naye akacheka mpaka bazoka ikakaribia kumtoka. Akasema atachapa ya kwanza, aivae mwenyewe, anitumie picha kwa simu nione. Jioni picha ikaja. Amejipiga mwenyewe, mkono mmoja umenyooshwa, shingo imeinama kando kama wanavyofanya, na kifuani MABIBI WA BUKOTO, buti zote zimetulia. Nikamwambia aendelee.

Siku mbili baadaye nilienda kuzichukua. Kabla sijavaa miwani alishaikunjua ile ya kwanza na kunipachika kifuani, akanishika mabega na kunigeuzia kioo cha dukani. Nikajisoma kwenye kioo. Nilisoma polepole, herufi moja baada ya nyingine, na sikukosa hata moja. Nakiri nilisimama pale zaidi ya ilivyohitajika. Kisha nilizihesabu zikiwa zimekunjwa ndani ya kavera la plastiki, zote tisa, nikapapasa kitambaa nikakiona kizito, nikaondoka.

Hapo nikatoa amri, na amri hiyo ni yangu, siwezi kumsukumia mtu. Nilitaka watu washtuke. Kwa hiyo nilimgawia kila mmoja fulana yake ikiwa imekunjwa, nikasema aivae nyumbani kwake peke yake, ajitazame kioo kuhakikisha imekaa, kisha ajifunge kitenge juu mpaka shingoni. Hakuna kumwonyesha mwenzako, hakuna kumwonyesha mjukuu. Muziki ukianza nitasema "sare", na vitenge vitaanguka vyote kwa pamoja.

Walitii. Kila mmoja alijitazama kioo. Kila mmoja alijisoma vizuri.

Siku ya sherehe meza zilipangwa upande wa geti, pilau na matoke na kuku, na mwenyekiti amekaa katikati na daftari. Gari lake lilikuwa nje barabarani kama mengine, na kila baada ya muda alitupa jicho. Tukaingia safu mbili, tumejifunga vitenge mpaka kidevuni kama wagonjwa. Mama wa chini alikuwa safu ya nyuma, wa pili kutoka kulia, na nilimwona anapumua kwa mdomo.

"Mama Afande, kwani kuna baridi?" mtu akauliza kutoka mezani.

Nikampa jirani ishara. Jirani akawasha spika. Gitaa likaanza lile la kukokota, nikahesabu mpaka nne, nikasema, "Sare."

Vitenge vikaanguka. Tisa, kwa mpigo mmoja. Mume wangu angeona angenipandisha cheo.

Nilikuwa nimetazama watu, mgongo kwa wenzangu, kwa hiyo niliona nyuso zote. Halafu vichwa vikaanza kuinama kando, kimoja, viwili, meza nzima, kama kuku wanaotazama funza. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akavua. Nikafikiri, vizuri, wameshangaa. Nikatoa amri ya kwanza. Kulia mbili. Kushoto mbili. Nyuma yangu nikasikia viatu kumi na sita vinatua kama kimoja.

Kicheko kilianzia kwa watoto. Binti mmoja wa miaka saba hivi alikuwa anasoma kwa sauti, kidole kinatufuata hewani. "O-to-kub," akasema. "Otokub aw ibibam." Polisi mstaafu mmoja aliyekaa mezani, mtu wa kaskazini, akauliza Otokub ni nani, ni wa ukoo gani, maana kwa jina ni mtu wa kwetu. Meza ikavunjika. Watu walikuwa wanapiga mapaja. Mimi nikajisemea wanacheka magoti yetu, na hasira ikanipanda, nikatoa amri kwa sauti ya uwanjani kabisa: "Mbele, hatua." Nami nikageuka kuwatazama wenzangu, jinsi tulivyofanya mazoezi, nitembee kinyumenyume huku nikiwaongoza.

Ndipo nikaviona vifua vinane.

Herufi zangu zote zilikuwa zinaelekea upande usio wao. B zimegeuza matumbo kushoto. K inarusha teke nyuma. Buti zilikuwepo, vipembe vilikuwepo, kila kitu kilichongwa vizuri ajabu, ila kikosi kizima kilikuwa kinarudi kule kilikotoka. Na juu ya kila fulana uso umekaza, kidevu juu, macho mbele, mtu hana habari. Mkongo ameuma midomo kwa makini. Jirani yangu Mkenya amevaa na kofia.

Nilijua hapohapo. Kioo. Kioo cha duka, vioo vya nyumbani, simu inayokuonyesha kama kioo. Tuliuliza vioo tu.

Sasa nilitakiwa kusema "simama". Nilifungua mdomo, na kilichotoka si neno. Mimi si mtu wa kuchekacheka, muulize yeyote hapa Bukoto, lakini kile kicheko kilinishika tumboni kikanikunja. Nikashika magoti. Nilijaribu tena kusema "si", na "mama" haikuja. Na wale wanawake, kwa jinsi nilivyowafundisha mwenyewe, hawasimami mpaka niseme. Walinipita kulia na kushoto, safu imenyooka, kisigino, ncha, hatua mbele, hatua mbele, macho juu, wakaelekea mezani.

"Afande," nikasikia jirani yangu akiniuliza pembeni ya mdomo wakati ananipita, "unaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Basi toa amri, dada, tunaelekea kwenye pilau."

Sikuweza. Watu wakaanza kuinuka na sahani zao. Meza ya kwanza ikasukumwa. Safu ya mbele ikamfikia mwenyekiti, naye akarudi nyuma hatua moja na daftari kifuani, wao wakasonga, akarudi tena, na sijui ni woga au ni gitaa, ila alikuwa anarudi kwa mdundo. Kisigino, ncha, nyuma. Alikwama ukutani. Hapo na wao wakakanyaga palepale, mbele ya pua yake, wakisubiri neno langu, na yeye akisubiri pia.

Mwisho nikapata pumzi kidogo. "Nyuma geuka," nikasema, kwa sauti ya chura.

Wakageuka, wakanitazama ninavyojifuta, na wakaona fulana yangu. Maana na mimi nilikuwa nimeivaa. Mkongo ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alinyoosha kidole kwangu, kisha akainamisha kichwa kujitazama, kisha akamtazama mwenzake, na safu ikaisha. Walishikana mabega. Jirani yangu alivua kofia akajifunika uso. Niliwatafuta mmoja mmoja mpaka nikamfikia mama wa chini. Alikuwa amekaa chini kwenye lami, miguu imenyooshwa mbele, anacheka kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia, anajipigapiga kifua penye maandishi.

Mama mmoja kijana wa ghorofa ya tatu akaja na simu. "Msione haya, nyinyi," akasema. "Tazameni." Akasimama kati yetu, akanyoosha mkono, na kwenye kioo cha simu tukawa tunasomeka, buti zote mahali pake. "Ukijipiga mwenyewe inanyooka."

Kilichofuata sikukipanga. Kila mwenye simu alitaka ajipige nasi. Walikuja na sahani mkononi, na watoto mgongoni, na mifupa ya kuku, wakisukumana, na kusukumana sikupendi. Nikapata sauti yangu. Nikasema hakuna picha bila mstari. Watu wakajipanga, safu tatu, nne, saba, uwanja ukajaa mpaka kwenye tangi la maji. Nikamwambia jirani arudishe wimbo mwanzo. Kulia mbili, wote kulia. Kushoto mbili, nusu yao kushoto. Waligongana, wakaomba radhi, wakagongana tena, simu zimeinuliwa juu kila upande na MABIBI WA BUKOTO inang'aa ndani ya kila simu. Tulicheza nyimbo zote zilizokuwemo kwenye kaspika, kisha zile zile tena.

Mwenyekiti alikuwa safu ya tatu. Hatua alikuwa nazo. Kugeuka hakujui, anageukia upande wake mwenyewe kila mara, na mara mbili nilimkuta tumetazamana uso kwa uso wakati wengine wote wamenipa mgongo.

Kulipotulia, watu wamekaa popote penye nafasi, yeye akafungua daftari. Mama wa chini aliinuka akaja kusimama karibu yangu, na alinishika mkono wa fulana bila kujua ameushika.

"Wanaotaka Jumamosi ziwe za dansi," mwenyekiti akasema, akihema bado, "wainue mikono."

Ikainuka, mingine na simu, mingine na vijiko. Mama wa chini aliinua miwili. Nikamkata jicho, akashusha mmoja. Kura ni kura.

Mwenyekiti akafunga daftari.

"Hesabu," nikamwambia.

"Mama Afande, inaonekana."

"Hesabu, mzee. Nisije kusikia kesho kwamba ilikuwa kelele tu."

Akahesabu. Alihesabu kwa kidole, akakosea, akaanza upya, na mimi nikahesabu naye kimoyomoyo. Akaandika. Iliyobaki chini ilikuwa ya wanaume wawili waliokuwa wanakula na mtoto mmoja aliyelala.

Jumatatu nilienda Wandegeya kugomba. Nilivaa fulana yenyewe, nikasimama mlangoni bila kusalimia. Mwenye duka alinitazama kifua, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Kumbe picha hugeuzwa kwanza ndani ya kompyuta, kisha ndipo mashine ya pasi inaibandika kwenye nguo. Siku hiyo alikuwa anazungumza na watu wanne, akasahau kugeuza, na yeye pia alijitazama kwenye simu.

"Jjajja, nipe siku moja, nitazirudia zote. Bure."

"Uliwahi kuzungumza na mtu mmoja kwa wakati mmoja?"

"Sijawahi, jjajja."

Nikamwambia nitauliza wenzangu. Niliwauliza. Walikataa wote, na mama wa chini alikuwa wa kwanza kukataa.

Jumamosi ya kwanza ya uwanja wetu nilishuka saa tisa na nusu kuangalia kama uko mtupu. Ulikuwa mtupu, umefagiwa. Mwenyekiti alikuwa anarudi kutoka getini na funguo za gari mkononi, amevaa viatu vya ngozi na shati lililopigwa pasi. Akanisalimu, akasimama mguu sawa, si vibaya sana. Akaniuliza kama safu ya mbele kuna nafasi.

Nikamwambia aanzie nyuma, karibu na mama wa chini, huyo ndiye atakayemfundisha kugeuka.